Picha ya ndani ya jicho: nani aipate kwanza?

Katika makanisa yetu tumezoea kumkumbuka daktari wa macho siku Biblia inapokuwa ngumu kusomeka. Mzee anapimwa, anarudi na miwani, na shida inaonekana imekwisha. Lakini kuna magonjwa ambayo miwani haiyagusi, kwa sababu yako nyuma ya jicho, kwenye retina, ule utando mwembamba unaopokea mwanga.

Siku hizi, katika nchi nyingi, upimaji wa kawaida wa macho huongezewa picha ya retina. Mgonjwa anaweka kidevu kwenye mashine, mwanga unawaka mara moja, na mishipa midogo ya damu inaonekana. Hakuna sindano wala maumivu.

Anayehusika kwanza ni mwenye ugonjwa wa sukari. Sukari nyingi huharibu mishipa hiyo polepole, na kwa muda mrefu mgonjwa hasikii dalili yoyote. Anapoanza kuona madoa au giza, mara nyingi ubaya umekwenda mbali. Ndiyo maana hushauriwa apimwe retina kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Je, inasaidia kweli? Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika England na Wales, kwa mara ya kwanza katika miaka 50 hivi, ugonjwa huu haukuwa tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi. Watafiti walitaja upimaji wa nchi nzima pamoja na kutunza sukari vizuri zaidi. Picha haikufanya kazi peke yake.

Jirani zetu wa Rwanda nao walijaribu. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2022, wagonjwa waliopewa jibu palepale na programu ya kompyuta, asilimia 51.5 walifika kwa mtaalamu walikotumwa. Kati ya waliosubiri jibu siku kadhaa, walifika asilimia 39.6. Jibu la haraka linasaidia, lakini hata hivyo karibu nusu hawakufika.

Hapo ndipo tunapoguswa sisi wa mashariki. Tangu Goma kuingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa Februari, safari ya mgonjwa imekuwa nzito zaidi. Picha inaweza kupita kwa intaneti hadi kwa mtaalamu aliye mbali. Matibabu ya leza hayapiti kwa simu.

Kwa hiyo, mashine ikiletwa hospitalini kwetu, tuulize: nani atasoma picha? Jibu litatoka lini? Tiba iko wapi, na nani atalipa safari? Tukumbuke pia kwamba picha haipimi presha ya jicho. Kipimo hicho kibaki.

Kijana mwenye afya anaweza kungoja. Kila parokia ianze na wenye sukari: iwajue, bila kutangaza ugonjwa wao, iwatume kwanza, na shemasi mmoja amsindikize anayeambiwa aende mbele. Kipofu wa Bethsaida hakufika peke yake, watu walimleta.