Wacheni kusingizia kompaila

Wasee, tuambiane ukweli. Kila mara kuna mtu kwa inboksi analia ati GCC ni mbovu, imekataa asembli yake. GCC haisomi asembli yako! Inajaza rejista kwa nafasi ulizoacha, maandishi yanaenda kwa asembla. Ukiandika mpangilio wa Intel na asembla inangoja wa AT&T, ambapo chanzo kinatangulia, itakukataa. Hiyo ni afadhali. Mbaya ni ile inakubali: umechafua rejista, hukuitaja baada ya nuktambili ya tatu. Ukitumia -O0 inapita, -O2 inakupa takataka. Mimi nilichoma wikendi nzima hivyo, mteja akaenda. Na hiyo mistari minne hata haikuhitajika, __builtin_popcount ilikuwa hapo tu!