Bastola Kiunoni, Bastola Chini ya Koti

Sheria za Marekani hutambua namna mbili za kubeba bastola: waziwazi, ikining'inia kiunoni kila mpita njia akiiona, na kwa kificho, chini ya koti au ndani ya mkoba. Silaha ni ileile na risasi ni zilezile. Kinachotofautiana ni macho ya watu. Kila jimbo lina kanuni zake, na mazoea ya jimbo moja yaweza kuwa kosa la jinai katika jimbo jirani.

Katika karne ya 19 aliyeficha ndiye aliyeshukiwa. Kentucky na Louisiana zilipiga marufuku silaha za kificho mwaka 1813. Mahakama ya Kentucky iliitengua sheria yake mwaka 1822, katika kesi ya mtu aliyekutwa na upanga ndani ya mkongojo. Ile ya Louisiana, mwaka 1850, iliona kinyume: mwanamume wa heshima huionyesha silaha yake, na kificho ni cha wauaji wa kuvizia.

Heshima hiyo baadaye iligeuzwa kichwa chini miguu juu. Tarehe 2 Mei 1967 wanachama wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi, waliingia na bunduki mikononi katika bunge la California, na kubeba hivyo kulikuwa halali. Mwaka huohuo Gavana Ronald Reagan akatia saini sheria iliyokataza kubeba bunduki zenye risasi hadharani. Ni vigumu kuamini kwamba rangi ya wabebaji haikuharakisha kalamu. Florida nayo, mwaka 1987, ilirahisisha vibali vya kificho na kufunga njia ya uwazi.

Watetezi wa uwazi husema silaha inayoonekana humtia mhalifu woga. Huenda, mtaa ukiwa shwari. Dallas, usiku wa tarehe 7 Julai 2016, mtu mmoja aliwaua polisi watano wakati wa maandamano ambamo baadhi ya waandamanaji walibeba bunduki waziwazi, kama Texas inavyoruhusu. Polisi wakasambaza picha ya mmoja wao kama mshukiwa, na kumbe hakuhusika hata kidogo.

Kificho nacho kina utata wake: upepo ukipeperusha koti, je, mbebaji amevunja sheria? Florida ililazimika kufafanua mwaka 2011 kwamba silaha ya mwenye kibali kuonekana kwa muda mfupi si kosa, mradi haikuonyeshwa kwa hasira au vitisho.

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha haki ya kubeba bastola nje ya nyumba, bila kufuta mpaka kati ya namna hizo mbili. Texas mpaka huo husomeka mlangoni mwa duka. Tangazo la kifungu 30.06 humzuia mwenye kibali aliyeficha, na la 30.07 humzuia aliyeweka wazi. Mwenye duka akibandika la pili peke yake, mteja mwenye kibali hushusha shati juu ya bastola, kisha huingia kununua maziwa.