Kioo ama kitufe? Swali kwa mashini ya kura mbele ya 2028

Tangu mwanzo wa mwaka huu wa 2026, huko Ulaya shirika linalopima usalama wa magari, Euro NCAP, limeanza kukata alama kwa gari jipya lenye kuficha kila kitu ndani ya kioo cha kugusa. Taa za kukata kona, taa za hatari, klaksoni, vifagio vya kioo cha mbele na wito wa msaada, hivyo vyote lazima viwe na kitufe ama mkono wa kweli, kitu ambacho dereva anakifinya bila kuondoa macho barabarani. Gari lisilo navyo linaweza kuuzwa, ila halipati alama zote.

Ndugu msomaji, utasema habari hiyo ni ya wenye lami. Lakini kioo cha namna hiyo sisi pia tumeshakigusa, na haikuwa ndani ya gari. Ni tarehe 30 Desemba 2018, na tena tarehe 20 Desemba 2023, ndani ya biro za kupigia kura. Uchaguzi mkuu unaofuata unangojewa 2028. Kama kuna wakati wa kuuliza mashini ile inatengenezwa namna gani, ni sasa, mbele pesa haijatoka.

Tuanze na jambo dogo: kitufe kinafanya kazi gani? Watu wengi wanafikiri ni kuwasha na kuzima tu. Hapana. Kitufe kizuri kinaongea na kidole mara tatu. Kwanza kinasema «niko hapa», juu kina ukingo na umbo lake. Pili kinakuacha upumzishe kidole juu yake bila kufanya kitu. Tatu, ukikifinya, kinakubali kwa mshtuko mdogo: umesikia, kazi imefanyika. Kioo cha kugusa ni laini kote. Kidole hakijui kiko wapi, na kikigusa kidogo tu, amri imekwenda. Ile kazi yote ya kidole inahamia kwa jicho. Na asiye na jicho?

Chukua telefone yako ndogo ya tochi. Papasa namba 5. Utakuta nundu ndogo pale. Nundu hiyo ni ya makusudi: ukiipata 5, namba zingine zote unazijua kwa kuhesabu, juu, chini, kuume, kushoto, hata gizani. Mpangilio wa namba zenyewe, 1-2-3 juu, haukuanguka kutoka mbinguni. Watafiti wa Bell huko Marekani walijaribisha mipangilio mingi kwa watu wa kweli, wakapima mwendo na makosa, wakatangaza matokeo mwaka 1960. Telefone ya vitufe iliingia sokoni Novemba 1963. Nyota na diyeze ziliongezwa 1968, juu waliona kwamba siku moja watu wataongea na mashini kupitia telefone. Leo mama wa sokoni anayefinya nyota, namba na diyeze ili atume pesa anatumia kazi ya wale watu, hata kama hawajui.

Na kipofu anatuma pesa kwa telefone hiyo hiyo. Namba ya siri anaifinya mwenyewe, kimya. Akihamia telefone ya kioo, kuna programu ya kumsomea kwa sauti, tangu 2009 zimekuwako kwa Android na kwa iPhone, na zinasaidia kweli. Ila pale penye kelele za soko, ama penye masikio ya jirani, sauti si sawa na kidole.

Makosa ya vitufe yanaweza kuua. Wakati wa vita ya pili ya dunia, marubani wa ndege za Marekani aina ya B-17 walikuwa wanatua vizuri, halafu wakiwa chini wanafinya swichi ya kukunja magurudumu badala ya ile ya mabawa. Ndege inalala kwa tumbo. Wakubwa walisema ni uzembe wa rubani. Mtaalamu wa saikolojia, Alphonse Chapanis, aliingia ndani ya ndege akaona: swichi mbili zinafanana na zimekaa pamoja. Dawa ilikuwa ya bei kidogo sana: kwenye mkono wa magurudumu kubandika umbo la gurudumu, na kwenye mkono wa mabawa umbo la bawa. Hata leo, ndani ya ndege nyingi, mkono wa magurudumu una kichwa cha gurudumu. Rubani anajua kwa kiganja.

Mtu angedhani somo hilo limeisha. Lakini usiku wa kuamkia asubuhi ya 21 Agosti 2017, karibu na Singapore, meli ya kivita ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta Alnic MC. Mabaharia 10 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba injini na usukani wa meli ile viliongozwa kwa vioo vya kugusa. Wakati wa kuhamisha kazi ya mwendo kutoka kiti kimoja kwenda kingine, usukani nao ulihama bila mwenyewe kujua, akaamini umekufa. Halafu mwendo ukapunguzwa kwa injini ya upande mmoja tu, na meli ikakata kushoto, mbele ya ile nyingine. Kulikuwa na shida ya mafunzo na uchovu pia, tusibebeshe kioo dhambi zote. Lakini mwaka 2019 jeshi la maji la Marekani lilitangaza linarudisha mikono ya kweli kwa kuongoza mwendo wa meli za aina hiyo. Mabaharia wenyewe waliiomba. Mikono miwili ya chuma, hata ukiwa katika giza, unaona kwa kushika kama imelingana ama hapana.

Sasa turudi nyumbani. Mashini yetu, iliyotengenezwa na Miru Systems ya Korea ya Kusini, ililetwa kwa sababu ambayo si ya upuuzi. Mwaka 2011 wagombea walikuwa wengi mpaka karatasi ya kura, mahali pengine, ilikuwa kama gazeti lenye kurasa nyingi. Kuchapisha na kubeba karatasi hizo katika inchi kama yetu ni taabu. Kwa hiyo kioo: mpiga kura anaingiza karatasi, anagusa mgombea anayeonekana kwa picha na namba, anathibitisha, mashini inachapa, karatasi inaingia katika sanduku. Karatasi kubaki ni jambo jema, na mimi naona lisiguswe.

Shida iko kati ya karatasi kuingia na karatasi kutoka. Pale kila kitu kinadai jicho, tena jicho lenye mazoea ya kioo. Mzee wa kijiji ambaye hajawahi kushika telefone kubwa hajui kama kidole kigandamize ama kipite tu. Akigandamiza kwa nguvu, kioo hakimjibu kwa kidole. Akitetemeka, anaweza kugusa jirani ya mtu wake. Nyuma kuna foleni, na foleni inapiga kelele. Anamuita ajenti wa biro. Ajenti anakuja, anaonyesha, na mara ajenti ndiye anayegusa. Sheria inaruhusu mtu asiyeweza kupiga kura peke yake asaidiwe na mtu anayemchagua. Ni haki nzuri, lakini tuseme ukweli: kura iliyosaidiwa ina watu wawili wenye kuijua. Kipofu hana namna ya kuhakikisha kwamba yule msaidizi amegusa pale alipoambiwa. Anaamini tu.

Wengine wamefanya nini? India wanatumia mashini yenye kitufe cha buluu mbele ya kila mgombea, na namba za breli pembeni. Namibia ilipiga kura na mashini hizo mnamo Novemba 2014. Lakini sanduku moja linabeba majina 16; kwa wingi wa wagombea wetu tungehitaji ukuta mzima wa vitufe. Hapo watetezi wa kioo wana haki.

Brazil ndiyo inayonivuta zaidi, juu nayo ina wagombea maelfu. Tangu 1996 mashini yao ina vitufe vya namba kama vya telefone, vyenye breli na nundu juu ya 5. Mpiga kura anaingiza namba ya mgombea, picha inaonekana kwenye kioo, na akiona ni yeye anafinya kitufe cha kijani. Akikosea anafinya cha rangi ya machungwa, anaanza upya. Kipofu anavaa kasike masikioni, anasikia. Vitufe kumi vinatosha kwa wagombea wote wa inchi. Na kwetu je, kampeni si zinapigwa kwa namba tayari? Namba iko kwenye mabango, kwenye tishati, kwenye nyimbo. Bibi asiyesoma anaijua namba ya mtu wake, na vitufe vile anavijua kwa sababu ya telefone ya tochi.

Tena si lazima kutupa mashini zilizopo. Huko Marekani, sheria ya 2002 ilidai kila kituo cha kura kiwe na angalau mashini moja ambayo mtu mwenye ulemavu anaitumia kwa siri kama wengine. Watengenezaji waliweka kisanduku kidogo cha mkono chenye waya: vitufe vichache, kila kimoja na umbo lake, pamoja na kasike. Kioo kinabaki kwa mwenye kukitaka.

Kwetu sheria iko. Congo ilikubali mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki zao. Sheria hizo hazisemi kitufe kiwe cha rangi gani. Hilo linaandikwa kwenye kitabu cha masharti, ile karatasi ambayo CENI inampa muuzaji mbele ya kutia saini. Vyama vya vipofu na vya watu wenye ulemavu vingeomba kukiona kitabu hicho mapema, na kuomba mashini moja iletwe mbele yao waipapase, mwezi mzima ikiwezekana, wakati mstari mmoja bado unaweza kuongezwa bila kugharimu sana. Mashini zikishafika bandarini Matadi, kitakachobaki ni kuwafundisha ajenti wa biro namna ya kushika mkono wa mtu mwingine.