Mizigo Mikubwa na Mti wa Taniboi



Lori la mzigo mkubwa likipita mjini watu husimama kando ya njia kulitazama. Huhesabu matairi, hustaajabu, na watoto hulifuata mbio. Sisi tulio katika kazi hii twatazama mahali pengine. Twatazama juu ya mzigo, ambako mara nyingi amekaa kijana mmoja na mti mrefu mkononi, hana kofia ya kazi wala glavu, akiinua nyaya ili mzigo upite chini yake. Huyo ni taniboi. Habari ya mti wake ndiyo tunayotaka kusema leo, pamoja na habari ya karatasi za safari ambazo yeye na dereva hawaonyeshwi.

Kwanza tuelewane ya kuwa mzigo mzito si lazima uwe mzigo wa haramu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari imeweka mwisho wa tani 56, gari na mzigo wake pamoja. Lakini transfoma ya kituo cha umeme haikatwi vipande vipande kama muwa, wala mtambo wa kiwanda hauwezi kuletwa kwa magunia. Kwa mzigo usiogawanyika hutolewa kibali chake peke yake, na kwa barabara kuu za Kenya watoao ni KeNHA. Mzigo huo hupandishwa juu ya tela lenye ekseli nyingi ili uzito utawanyike. Sababu ya kutawanya yajulikana tangu zamani. Huko Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, malori yalizungushwa juu ya barabara za majaribio mpaka zikaharibika, na ikaonekana ya kuwa uzito wa ekseli moja ukizidi mara mbili, barabara huumia kama mara kumi na sita. Basi dereva akiambiwa, "Ongeza tu hicho kipande kimoja, nafasi ipo," na ajue ya kuwa nafasi ya mahali si nafasi ya uzito.

Tena kazi hii yaweza kufanywa kwa utaratibu. Wengi wanakumbuka mitambo ya upepo iliyopelekwa Sarima, karibu na Loiyangalani, upande wa Ziwa Turkana. Ilikuwa mitambo 365, na kila mmoja ulikuwa na mapanga matatu ya urefu wa kama mita 25. Vyote viliteremshwa bandarini Mombasa, vikaenda kwa lori safari ya kilometa kama 1,200. Kabla ya hapo barabara ya kilometa 208 kutoka Laisamis hadi pale ilitengenezwa, maana ile ya zamani isingeweza kupitisha vyombo kama vile. Hatuandiki haya kumsifu tajiri yeyote. Twaonyesha ya kuwa fedha zikiwa nyingi na mwenye mali akiogopa hasara, njia hupimwa, kona hutazamwa, na barabara yenyewe hutengenezwa kwanza. Lakini mzigo ukiwa ni ekskaveta moja ya kontrakta mdogo, inayotoka Athi River kwenda kuchimba mtaro huko ndani, kipimo cha njia ni macho ya taniboi.

Mwenzetu mmoja alipewa safari ya namna hiyo. Tajiri wake hatumtaji hapa, jambo lake liko mikononi mwa wanaohusika. Karani wa ofisi aliandika kimo cha mtambo kama kilivyo katika kitabu chake, mtambo ukiwa umesimama chini. Hakuongeza kimo cha tela. Mkono wa ekskaveta nao haukukunjwa mpaka mwisho, kwa kuwa mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka, na fundi alisema atautengeneza huko uendako. Dereva aliuliza habari ya kimo, akajibiwa ya kuwa karatasi ni za ofisi, kazi yake ni usukani. Walipofika kwenye daraja la waendao kwa miguu, mkono ukagonga. Kwa bahati hapakuwa na mtu juu ya daraja saa ile. Nani alipelekwa kituoni? Ni dereva. Nani alikatwa mshahara? Ni dereva na taniboi wake. Karani hakuitwa hata kama shahidi.

Daraja lakaa mahali pamoja na kila mtu aliona. Nyaya ni jambo baya zaidi, kwa kuwa wa simu na wa umeme hazijulikani upesi kwa macho, hasa jioni. Nyaya nyingi za umeme zinazovuka njia zetu huchukua volti 11,000 au 33,000, nazo ziko wazi, hazikuvikwa mpira. Wengi wetu tumefundishwa na waliotutangulia kwamba mti haupitishi umeme. Hilo ni kweli kwa mti mkavu kabisa na umeme mdogo. Mti uliokatwa jana una maji ndani. Mti uliokauka ukinyeshewa, au ukishikwa na mkono wenye jasho, nao hupitisha. Na umeme wa nguvu hizo hauna haja ya kuguswa, ukikaribiwa mno huruka wenyewe. Kijana yule amekaa juu ya chuma cha mtambo, na mtambo umefungwa kwa minyororo juu ya tela la chuma. Twamwambia ainue kifo kwa fimbo, kisha twamwita mvivu akichelewa.

Wenye magari watajibu ya kuwa kuwaita watu wa umeme kuja kuzima laini kwachukua siku, na mteja hangoji. Jibu hilo tumelisikia sana. Meli haitokei bandarini kwa ghafula, siku yake yajulikana majuma mengi mbele. Mtambo wa kontrakta pia umekodiwa kwa mkataba wenye tarehe. Siku za kuwaita watu wa umeme zipo. Kinachokosekana ni mtu wa ofisi kupiga simu, na malipo ya kazi ile kuandikwa katika hesabu ya safari tangu mwanzo. Maisha ya taniboi yamefanywa kuwa ndiyo njia ya rahisi, kwa sababu hayaandikwi popote katika hesabu ile.

Juu ya kufunga mzigo twasema kidogo tu, maana madereva wazee wanajua kuliko sisi. Kanuni inayofuatwa Ulaya ni kwamba mzigo uzuiwe usikimbilie mbele kwa nguvu ya sehemu nane katika kumi za uzito wake. Mtambo wa tani 40, basi, wataka kuzuiwa kwa nguvu ya tani 32 breki zinaposhikwa, baada ya kuhesabu pamoja minyororo, kabari na mshiko wa mbao zilizo chini yake. Minyororo miwili iliyoshika kutu haifiki huko. Mnyororo ambao alama yake ya nguvu imefutika tusiukubali, hata fundi aape.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndipo mambo haya yote yalipofungwa. Mzigo mkubwa huenda mchana, na gari la kusindikiza. Usiku wapaswa kulala. Mvua kubwa ikinyesha wapaswa kungoja, na kibali kikiwa na kosa wangoja tena. Lakini wengi wetu twalipwa kwa safari. Siku tatu za kulala kando ya njia pale Mtito Andei hazina posho, na chakula ni cha mfukoni mwako. Mtu wa namna hiyo, ana watoto na kodi ya nyumba, akiona njia ni nyeupe saa tatu ya usiku na askari hawapo, atafanya nini? Ataondoa gari. Kisha ajali ikitokea watu husema madereva wana haraka. Haraka hiyo imetiwa ndani ya namna ya kulipwa. Kwa hivyo chama kikidai posho ya kungoja, mtu asiseme twataka kulipwa kwa kulala. Twataka kulipwa kwa kulinda mali ya tajiri usiku, na kwa kutoliendesha gari saa ambayo haifai.

Iko sheria ambayo wanachama wengi hawajaisikia. Ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14. Yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu mkubwa wake, na akiondoka mahali hapo kwa sababu ya haki asifukuzwe wala asiadhibiwe. Sisi mahali petu pa kazi ni lori. Twajua vizuri ya kuwa sheria iliyo katika kitabu na karani aliye mlangoni ni vitu viwili, na ya kuwa mtu mmoja akikataa peke yake atapata barua kesho. Ndiyo maana jambo hili lisiachwe kwa mtu mmoja.

Twataka katika mapatano yajayo yaandikwe hivi: mzigo wowote wa kibali usiondoke mpaka dereva na taniboi wameonyeshwa kibali, njia iliyopimwa, na kimo kilichopimwa kwa futi mzigo ukiwa tayari juu ya tela, nao wametia sahihi ya kuwa wameona. Nyaya za umeme ziinuliwe au zizimwe na watu wa umeme wenyewe. Siku za kungoja zilipwe. Najua wako wenzetu watakaosema sahihi hiyo itamfunga dereva zaidi mbele ya hakimu. Hofu hiyo ina maana, nasi tuliijadili kwa muda mrefu. Lakini leo dereva hushtakiwa bila kuona karatasi hata moja. Akiwa na haki ya kuiona, ana haki ya kukataa kuitia sahihi, na hapo karani itambidi aeleze kimo alikitoa wapi.

Kabla ya mapatano hayo, taniboi atakayeambiwa apande juu na mti, ashuke. Dereva wake azime gari na asimame naye. Waandike saa, mahali, namba ya gari na jina la aliyetoa amri, na karatasi hiyo ifike kwa mwakilishi wa tawi siku ile ile.