Basi la Usiku na Njia ya Kutokea: Usalama wa Moto kwa Abiria wa Kasulu na Kibondo

Na Mwandishi Wetu

Kwa mkazi wa Kasulu au Kibondo, safari ya Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilomita 1,000. Abiria hula ndani ya basi, hulala humo, humnyonyesha mtoto humo na huchaji simu humo. Kwa saa nyingi basi hilo huwa nyumba yake, nyumba inayotembea yenye makumi ya wakazi wasiojuana. Na kama ilivyo kwa nyumba yoyote, lipo swali ambalo kila mkazi wake anapaswa kuwa na jibu lake kabla ya kufumba macho: moto ukizuka, watu watatokea wapi?

Swali hili limepata uzito zaidi katika miaka ya karibuni kwa sababu mbili. Kwanza, mwezi Juni 2023 aliyekuwa Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kuondolewa kwa katazo la mabasi ya abiria kusafiri usiku, katazo lililokuwa limedumu tangu miaka ya 1990. Uamuzi huo umewapunguzia wananchi wa mikoa ya pembezoni, Kigoma ikiwemo, adha ya kulala njiani na gharama za nyumba za wageni. Pili, mradi wa ujenzi kwa kiwango cha lami wa barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, yenye urefu wa kilomita 260.6, unaotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unaifungua nyanda ya juu ya Kigoma kuelekea Kakonko na Nyakanazi kwa upande mmoja na mpaka wa Burundi kwa upande mwingine.

Hayo ni maendeleo ambayo wananchi waliyasubiri kwa muda mrefu. Hata hivyo, safari ya usiku ina maana kwamba abiria wengi wako usingizini, taa zimezimwa na barabara haina watu. Moto ukitokea katika mazingira hayo huwakuta watu wasiojua walipo, na dakika za kujiokoa ni chache kuliko mchana.

Funzo la Same

Juni 28, 2025, basi kubwa na basi dogo la abiria yaligongana uso kwa uso katika eneo la Sabasaba, wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, kisha yakashika moto. Taarifa ya awali ya Serikali ilieleza kuwa watu 38 walipoteza maisha, na miili 36 kati ya hiyo haikuweza kutambulika kutokana na kuungua. Taifa liliomboleza, na mjadala mkubwa uliofuata ulihusu mwendo wa magari, matairi na uangalifu wa madereva.

Mjadala huo ni wa haki, kwa kuwa ajali inayozuiwa haihitaji uokoaji. Lakini upo upande wa pili usiopaswa kusahaulika. Ajali na moto ni matukio mawili, hata yanapofuatana kwa sekunde chache. Abiria anaweza kunusurika katika la kwanza na kufa katika la pili kwa sababu tu hakupata pa kutokea.

Historia ya usafiri duniani inathibitisha jambo hilo. Mei 14, 1988, karibu na mji wa Carrollton katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, gari lililokuwa likiendeshwa upande usio wake liligongana na basi lililobeba watu 67, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Tangi la mafuta lilipasuka karibu na mlango wa mbele, na mlango huo ukawa hautumiki. Ukabaki mlango mmoja tu wa nyuma. Watu 27 walifariki, na uchunguzi ulibaini kuwa hakuna hata mmoja aliyeuawa na mgongano wenyewe. Wote waliuawa na moto na moshi. Baada ya msiba huo, jimbo la Kentucky liliongeza idadi ya njia za dharura katika mabasi yake ya shule na kutaka matangi ya mafuta yakingwe.

Usiku wa Novemba 23, 2021, basi lililokuwa likitoka Istanbul kwenda Skopje liliungua katika barabara kuu nchini Bulgaria na kuua takribani watu 45, wengi wao wakiwa wamelala. Watu saba waliookoka walitoka kupitia dirisha lililovunjwa.

Umbali una maana yake

Katika miji mikubwa, abiria anaweza kutarajia gari la zimamoto lifike baada ya muda mfupi. Barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo haimpi abiria matarajio hayo. Miji hiyo miwili imetenganishwa na zaidi ya kilomita 100 za vijiji, mashamba, mapori na bonde la Mto Malagarasi. Gari la uokoaji linalokwenda kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa linahitaji dakika 50 kufika kilomita 50. Moto wa basi, uliolishwa na viti vya sponji, mapazia, plastiki na mafuta, unaweza kulitawala basi zima ndani ya dakika chache tu.

Kwa hesabu hiyo, hata kikosi chenye vifaa bora na askari hodari hakiwezi kushindana na umbali. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, lazima ipigwe mapema iwezekanavyo, kwa kuwa askari hao ndio wenye utaalamu wa kukata vyuma na kunasua majeruhi. Lakini kutoka ndani ya basi ni kazi ya walio ndani ya basi. Hivyo, katika ukanda huu usalama wa abiria dhidi ya moto unaamuliwa stendi, kabla gari halijaondoka.

Mizigo iliyoziba njia

Nyanda za Kasulu na Kibondo zinajulikana kwa maharage, mahindi, muhogo na asali, na mkoa mzima wa Kigoma ni mashuhuri kwa mawese na dagaa. Biashara hizo hutegemea mabasi, na mizigo hiyo huinua kipato cha mkulima na cha mmiliki wa basi. Tatizo huanza pale buti linapojaa, na gunia linapowekwa kwenye njia katikati ya viti au mbele ya mlango wa dharura.

Hesabu rahisi inaonyesha uzito wa jambo hilo. Ikiwa abiria 57 watatoka kwa mlango mmoja, kila mmoja akitumia sekunde mbili, wa mwisho atatoka karibu dakika mbili baada ya wa kwanza. Ikiwa njia ina magunia na kila mmoja akahitaji sekunde tano kuyavuka, muda huo unakaribia dakika tano. Moshi mzito hautoi dakika tano. Nauli ya gunia moja ni fedha halali, lakini mahali linapowekwa gunia hilo panaweza kuamua ni nani atashuka akiwa hai.

Aina ya mzigo nayo ni suala zito. Petroli iliyotiwa kwenye dumu hutoa mvuke unaoweza kuwaka kwa cheche ndogo. Mtungi wa gesi unaovuja ndani ya buti ni hatari zaidi kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Hutuama chini, mahali ambapo mtu aliyeketi juu hawezi kuinusa mapema. Novemba 2018, basi moja nchini Zimbabwe liliteketea usiku likielekea Afrika Kusini, na watu wasiopungua 42 walifariki. Mtungi wa gesi uliobebwa na abiria ulishukiwa kuwa chanzo.

Tahadhari hii inagusa sera ya sasa ya nchi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, uliozinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mitungi itaongezeka vijijini, na hilo ni jema kwa afya za akina mama na kwa misitu ya Kigoma. Lakini mtungi wenye gesi unapaswa kusafirishwa na wasambazaji kwa magari yaliyoandaliwa kwa kazi hiyo. Kuuweka ndani ya basi la abiria, ukiwa umefunikwa kwa kitenge au kufichwa kati ya magunia, ni kuhatarisha maisha ya wengi.

Wajibu wa kisheria

Sheria za nchi zimegawa majukumu kwa taasisi kadhaa. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Sura ya 427, iliyotungwa mwaka 2007, iliunda jeshi moja la kitaifa na kulipa mamlaka ya ukaguzi wa kinga dhidi ya moto. Sheria ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), ambayo pamoja na kutoa leseni ina jukumu la kuthibitisha madereva na kusajili wahudumu wa vyombo vya usafiri wa kibiashara. Jeshi la Polisi, kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani, husimamia Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168.

Nafasi kubwa ya maboresho iko katika kipengele cha wahudumu. Mhudumu wa basi ndiye mtu aliye karibu zaidi na abiria pindi moto unapozuka. Akijua kufungua mlango unaoendeshwa kwa upepo wakati mfumo umeharibika, kutumia kizimamoto na kuwaongoza watu bila taharuki, anaweza kuokoa maisha kabla ya mtu mwingine yeyote kufika. Tangazo la dakika moja kabla ya basi kuondoka, likieleza ilipo milango na madirisha ya dharura, nyundo ya kuvunjia kioo na kizimamoto, halina gharama. Abiria wa ndege husikia tangazo kama hilo kila safari, na abiria wa basi la Kibondo anastahili kulisikia pia.

Kwa wamiliki, Kanuni Na. 107 ya Umoja wa Mataifa kuhusu ujenzi wa mabasi inatoa mwongozo mzuri wakati wa kununua magari. Idadi ya njia za dharura huongezeka kadiri idadi ya abiria inavyoongezeka, na mabasi mapya hutakiwa kuwa na mfumo wa kubaini moto kwenye sehemu ya injini. Mfumo huo una umuhimu mkubwa kwa mabasi yenye injini nyuma, kwa kuwa dereva anaweza kuendelea kwenda ilhali moto umeanza mita kumi nyuma yake. Mabasi yaliyopo yanaweza kulindwa kwa matengenezo ya kawaida: kuziba uvujaji wa mafuta, kurekebisha breki zinazokamata na kupata joto, na kuondoa nyaya za umeme zilizoungwa kiholela kwa ajili ya runinga, taa za mapambo na chaja za simu.

Abiria afanye nini

Kabla ya safari, abiria aangalie njia mbili za kutokea zilizo karibu na kiti chake, na ahesabu idadi ya viti hadi kwenye njia hizo ili aweze kuzifikia gizani kwa kupapasa. Aangalie kama nyundo iko mahali pake na kama mshale wa kizimamoto uko kwenye alama ya kijani. Akikuta njia imezibwa, amweleze mhudumu. Asiposikilizwa, awaarifu askari wa usalama barabarani au maofisa wa LATRA kabla gari halijaondoka.

Moto ukitokea, dereva asimamishe gari pembeni, azime injini na kufungua milango yote. Abiria watoke mara moja wakiacha mizigo. Penye moshi, wainame, kwa kuwa hewa safi zaidi iko chini, na wazibe pua na mdomo kwa kitambaa. Kioo cha dharura kipigwe pembeni, karibu na kona, kwa kuwa katikati kinanepa na hakivunjiki kwa urahisi. Basi likilala ubavu, dirisha la dharura la paani linaweza kuwa mlango wa karibu zaidi. Kizimamoto kidogo kinafaa kwa moto unaoanza tu. Pini itolewe, mdomo wake uelekezwe kwenye shina la moto na kishikio kibanwe. Moto uliokwisha kushika matairi au tangi la mafuta haupaswi kupiganwa na mtu asiye na vifaa.

Waliotoka wasogee mbali, upande unakotoka upepo, na asirudi mtu kufuata begi. Wananchi wa vijiji vya jirani, ambao mara nyingi ndio hufika wa kwanza, wasaidie majeruhi lakini wasikaribie mafuta yaliyomwagika. Msiba wa Msamvu, Morogoro, wa Agosti 10, 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka, unabaki kuwa onyo kwa kila kijiji kilicho kando ya barabara kuu.

Lami na ruhusa ya kusafiri usiku zimeisogeza Kigoma karibu na nchi nzima, na mwananchi wa Kasulu na Kibondo ana haki ya kuyafurahia manufaa hayo. Haki hiyo inakwenda pamoja na wajibu wa mmiliki kuacha njia wazi, wa mhudumu kuijua, wa mkaguzi kuihakikisha na wa abiria kuiuliza. Ukaguzi wa njia ya kutokea huchukua dakika chache stendi, na dakika hizo haziwezi kupatikana tena basi likiwa linaungua porini usiku wa manane.