Majogoo wanafunga, lakini nani anazuia mbio?

LIVERPOOL inaanza kutetea ubingwa wake Ijumaa hii ya Agosti 15, 2025, saa 4:00 usiku pale Anfield dhidi ya Bournemouth. Inaingia uwanjani ikiwa na Florian Wirtz aliyenunuliwa kwa Pauni 100 milioni, ikiwa na straika mpya Hugo Ekitike, na ikiwa haijamaliza hata mechi moja ya maandalizi iliyochezwa mbele ya mashabiki bila nyavu zake kutikiswa.

Hesabu ni hizi. Ilianza Julai 13 kwa kuichapa Preston 3-1. Ikapanda ndege kwenda Hong Kong na kuchapwa 4-2 na AC Milan. Japan ikatanguliwa kufungwa na Yokohama F. Marinos kabla ya kuzinduka na kushinda 3-1. Iliporudi nyumbani ikacheza na Athletic Bilbao mara mbili siku moja, ikashinda 4-1 na 3-2. Jumapili iliyopita pale Wembley ikatoka 2-2 na Crystal Palace kwenye Ngao ya Jamii, kisha ikalala kwa matuta 3-2. Mechi sita, mabao 17 ya kufunga, mabao 11 ya kufungwa. Kipimo cha ndani dhidi ya Stoke City, kilichochezwa milango ikiwa imefungwa, hakimo humo.

Mashabiki wa Majogoo wana majibu mawili mpaka sasa. Wapo wanaosema haya ni mazoezi tu, subirini ligi ianze. Wengine wanasema timu inayofunga mabao 17 haina cha kuogopa, ikifungwa mawili itafunga matatu. Yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini yote mawili yanakwepa swali lenyewe, ambalo si idadi ya mabao bali ni namna yanavyoingia.

Chukua ya Wembley. Palace walisawazisha kwa penalti ya Jean-Philippe Mateta dakika ya 17. Penalti hiyo ilipatikana baada ya Ismaila Sarr kukimbia na mpira ndani ya boksi na Virgil van Dijk kumwangusha. Bao la pili ni Sarr huyohuyo, dakika ya 77, katokea nyuma ya mabeki, kamtazama Alisson, kamaliza kazi. Kule Hong Kong nako Milan walipata bao la kwanza dakika ya 10 tu. Wapo nyuma wanakaba, wananyang'anya mpira, Rafael Leao anachomoka, mpira wavuni. Si mabao yote 11 yana sura hiyo, lakini yaliyouma zaidi yanayo. Mpinzani anapora mpira, mtu mmoja anakimbia, na mbele yake hakuna wa kumzuia.

Watu wakiona hivyo wanamlaumu beki wa kati. Ndiye anayeonekana kwenye picha ya mwisho, kalala chini au kanyoosha mkono kwa mshika kibendera. Kumbe mbio za mshambuliaji huzuiwa mapema zaidi. Kwanza anatakiwa mtu wa kumbana mwenye mpira asipate nafasi ya kuinua kichwa na kupiga ile pasi. Ikishindikana, awepo kiungo wa kukata njia ya pasi, au amchelewesha mkimbiaji hata kwa sekunde mbili ili wenzake warudi. Beki wa kati ni wa mwisho kwenye foleni hiyo. Akiachwa peke yake na Sarr kwenye uwanja mpana, awe Van Dijk wa miaka 34 au wa miaka 24, kazi ni nzito.

Msimu uliopita Arne Slot alikuwa na foleni hiyo kamili. Ryan Gravenberch alisimama mbele ya mabeki, Alexis Mac Allister pembeni yake, na Dominik Szoboszlai alicheza kama kiungo wa juu kwenye karatasi, ila kiuhalisia alikuwa mapafu ya timu. Mohamed Salah alipewa ruhusa ya kutorudi sana kukaba ili abaki na nguvu za kufunga. Ruhusa hiyo ililipa, maana alimaliza ligi na mabao 29 na asisti 18. Sasa ruhusa ya Salah lazima mtu ailipie, na aliyelipa kwa kiasi kikubwa ni Szoboszlai, aliyekuwa akikimbia upande ule wa kulia kuziba nafasi. Kushoto Luis Diaz naye alikuwa mkabaji mzuri wa kuanzia mbele. Liverpool ikachukua ubingwa ikiwa na pointi 84, ikiruhusu mabao 41. Arsenal walioshika nafasi ya pili waliruhusu 34, kwa hiyo hata msimu ule ukuta haukuwa wa chuma. Ulitosha tu.

Sasa tazama kilichobadilika. Diaz yuko Bayern Munich. Trent Alexander-Arnold yuko Real Madrid. Wirtz anacheza pale alipokuwa Szoboszlai. Kulia kaja Jeremie Frimpong kutoka Bayer Leverkusen, kushoto kaja Milos Kerkez kutoka Bournemouth kwa Pauni 40 milioni. Yaani katika foleni ya kuzuia mbio, karibu nusu ya watu ni wapya, na wengi wao kilichowapa umaarufu ni kwenda mbele.

Kwa Frimpong ndipo shughuli ilipo. Kule Leverkusen chini ya Xabi Alonso alikuwa anacheza kama beki wa pembeni anayepanda mpaka juu, na akipanda nyuma yake walibaki mabeki watatu wa kati. Akipoteza mpira, kuna mtu wa kufunika. Liverpool inacheza na wawili. Mbele yake yuko Salah, ambaye kama tulivyoona harudi. Frimpong akipanda na Kerkez naye akipanda kushoto, wanabaki Van Dijk na Ibrahima Konate na kiungo mmoja, wamegawana upana wote wa Anfield. Frimpong kwenye Ngao alifunga bao zuri dakika ya 21, na hilo ndilo alilonunuliwa afanye. Lakini huwezi kumtuma mtu sokoni na kumtaka alinde nyumba kwa wakati mmoja.

Na hapa Trent anastahili haki yake. Alichekwa miaka mingi kwamba hajui kukaba, na kwenye mtu kwa mtu kweli alikuwa na matatizo. Ila chini ya Slot mara nyingi alibaki nyuma, akipiga zile pasi ndefu kutoka kwenye mstari wa mabeki. Kwa hiyo mpira ukipotea, mwili wake ulikuwa pale. Beki mbovu wa kukaba aliyepo nyuma anamchelewesha mshambuliaji kuliko beki hodari aliyeko kwenye kibendera cha kona cha mpinzani.

Wirtz hana kosa lolote katika hili. Ni fundi, asisti ya bao la Ekitike dakika ya nne pale Wembley ilikuwa yake, na tofauti na mafundi wengi wa aina yake hakabi kwa uvivu. Lakini hajawahi kuwa Szoboszlai. Mmoja anakaba ili apate mpira acheze, mwingine anakimbia mita 50 kurudi nyuma bila mpira kwa sababu kaona Salah yuko mbele. Slot alijaribu kumrudisha Szoboszlai chini, akaanza naye na Curtis Jones kwenye kiungo dhidi ya Palace, na bado katikati palikuwa na uwazi.

Upo upande wa pili wa hoja na una nguvu. Maandalizi yanadanganya. Mwaka 2022 Liverpool hiihii iliifunga Manchester City 3-1 kwenye Ngao ya Jamii, Erling Haaland akakosa bao la wazi mwishoni, watu wakacheka mpaka basi. Haaland akafunga mabao 36 kwenye ligi, City ikabeba mataji matatu, Liverpool ikamaliza ya tano. Mwaka huohuo lakini Chelsea ilichapwa 4-0 na Arsenal kule Orlando ikiwa imeondokewa na Antonio Rudiger na Andreas Christensen. Kocha Thomas Tuchel alionekana kuwa na wasiwasi wazi kabisa, na Septemba 7 hakuwa tena na kazi. Kwa hiyo matokeo ya maandalizi huwa hayasemi kitu, isipokuwa yanapoonyesha tatizo ambalo kocha hajapata watu wa kulitatua. Chelsea ile haikuumizwa na kipigo cha Orlando. Iliumizwa na mashimo ambayo kipigo kile kiliyaonyesha.

Halafu lipo jambo ambalo kila anayeihukumu Liverpool kwa sasa anatakiwa alikumbuke. Julai 3 Diogo Jota na mdogo wake Andre Silva walifariki kwa ajali ya gari Hispania, siku chache kabla timu haijaanza mazoezi. Mechi ya Preston ilichezwa siku kumi baadaye. Jezi namba 20 imestaafishwa. Hawa ni vijana walioanza kambi wakitoka kumzika mwenzao, na hakuna anayejua wiki zile za mwanzo zilikuwa na mazoezi ya kiasi gani ndani ya vichwa vyao. Kukaba kama timu ni kitu cha mazoea, cha kurudiarudia mpaka miguu ijue yenyewe. Kama kipo kitu ambacho kingekuwa cha kwanza kuyumba katika hali ile, ni hicho.

Dawa ipo, ila kila moja ina bei. Slot anaweza kumwanzisha Andy Robertson badala ya Kerkez ili beki mmoja wa pembeni abaki nyumbani. Robertson ana miaka 31 na Kerkez hakununuliwa akae benchi. Anaweza kumwambia Frimpong apande tu pale Salah anapoingia ndani, lakini hapo anapunguza silaha aliyoinunua. Anaweza kucheza na viungo wawili wa chini wasiovuka mstari wa katikati ovyo, Gravenberch na Mac Allister, jambo ambalo ndilo linaelekea kuwa jibu la kudumu. Tatizo ni kwamba Ijumaa Gravenberch hayupo. Anatumikia adhabu ya kadi nyekundu aliyoonyeshwa siku ya mwisho ya msimu uliopita, dhidi ya Palace haohao.

Na sokoni? Jarell Quansah kauzwa Leverkusen, Joe Gomez ana historia ndefu ya majeraha, kwa hiyo nyuma ya Van Dijk na Konate hakuna mtu. Marc Guehi, nahodha wa Palace aliyekuwa Wembley akiinua ngao, amebakiza mwaka mmoja kwenye mkataba wake na jina lake linatajwa kila siku, pamoja na kinda wa Parma mwenye miaka 18, Giovanni Leoni. Wakati huohuo Liverpool ilipeleka ofa ya Pauni 110 milioni kwa Newcastle ikimtaka Alexander Isak, ikakataliwa. Isak ni straika wa kiwango cha dunia, hakuna ubishi. Ila timu iliyofunga mabao 86 kwenye ligi msimu uliopita ikiwa tayari kutoa Pauni 110 milioni kwa mfungaji mwingine kabla ya kupata beki wa tatu wa kati, inaonyesha akili yake iko upande gani. Hapa nyumbani Taifa Stars imefuzu robo fainali ya CHAN mapema, ikiwa imeruhusu bao moja katika mechi tatu, nyingine ikishinda kwa bao la Shomari Kapombe dakika ya 89. Beki huyo! Si kila timu inahitaji kufunga manne.

Sasa Bournemouth. Kwa jina ni wageni wa kawaida, na wameuza karibu ukuta mzima. Dean Huijsen yuko Real Madrid, Illia Zabarnyi kaenda PSG, Kerkez ndiye huyu yuko Liverpool, na kipa Kepa Arrizabalaga kaenda Arsenal. Lakini Andoni Iraola hajauza miguu ya mbele. Timu yake inakabia juu, inapora mpira na kukimbia moja kwa moja golini, na kwa staili hiyo msimu uliopita ilimaliza ya tisa na pointi 56, nyingi kuliko ilivyowahi kupata Ligi Kuu. Anayebeba mbio hizo ni Antoine Semenyo, Mghana mwenye mabao 11 ya ligi msimu uliopita. Ana nguvu, ana kasi, anapiga kwa miguu yote miwili.

Semenyo mara nyingi alikuwa anaanzia kushoto, mbele ya Kerkez, kwa hiyo wawili hao wanafahamiana vizuri. Ijumaa hawatakutana sana. Akianzia kulekule, atakayekuwa mbele yake ni Frimpong, na kila Frimpong atakapopanda nafasi nyuma yake itakuwa ya Semenyo. Baada ya hapo ratiba inawapeleka Majogoo kwa Newcastle Agosti 25, kisha Arsenal wanakuja Anfield Agosti 31. Slot ana wiki mbili na nusu na mechi tatu za kupata mtu wa kubaki nyuma kulia.