Namba ya Kwenye Katoni Nusura Ichome Matatu ya Anko Wangu

Wasee, leo nina maungamo. Baada ya maungamo nina lawama, na lawama zenyewe zinaanza na mimi.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea uhandisi wa umeme, karo ikakwama, nikarudi nyumbani. Mtaani hawakujali cheti, walinipa jina la "injinia" siku hiyo hiyo. Anko wangu ana matatu ya abiria 14, inapiga Thika Road. Akaniita: "Kijana, abiria wananipita stage wanaenda kupanda nganya za watu. Gari yangu iko kimya kama maktaba. Si wewe ni injinia? Niwekee mziki." Akanipa zaidi ya Sh40,000. Kwa mwenye matatu moja, hiyo si pesa ya mchezo. Kuna tairi hazikununuliwa mwezi huo.

Nikashuka mjini. Nikachukua sabufa mbili za inchi 12, kila katoni imeandikwa wati 2000. Nikachukua amplifaya ya wati 3000. Nikachukua boksi lililotengenezwa tayari, limevalishwa kapeti nyeusi, safi kabisa. Nikamalizia na waya nyekundu, nene kama kidole. Muuzaji akaniambia, "Hizi zitaingiana tu, boss." Na mimi nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Siku ya kwanza amplifaya ilijizima mara nne, taa nyekundu inawaka. Nikaongeza geini. Besi yenyewe ilikuwa ni noti moja tu, kila wimbo unasikika kama mtu anagonga mlango wa bati. Siku ya tatu, tukiwa kwenye foleni pale Roysambu, mama mmoja wa kiti cha nyuma akapiga kelele: moshi! Makanga akafungua mlango, watu wakashuka wakikanyagana, dere akakimbilia kuchomoa betri. Waya ya umeme ilikuwa imeyeyuka mahali inapopita kwenye tundu la bati. Zulia lilishika moto kidogo tu. Hakuna aliyeumia. Lakini hiyo ni bahati, na bahati si ufundi.

Anko hakunipigia kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Kwani kule chuo mlikuwa mnafundishwa nini?"

Hilo swali lilinikalia, kwa sababu kanuni ya Ohm niliifanyia mtihani mwaka wa kwanza na nikapita vizuri. Kilichochoma ile gari kilikuwa hesabu ambayo tayari nilikuwa naijua. Sikuifanya, basi. Nilikuwa nimesoma katoni badala ya kusoma karatasi iliyo ndani ya katoni.

Sasa msimamo wangu ni huu: sabufa, amplifaya na boksi si vitu vitatu vya kununua. Ni kitu kimoja. Ukinunua kila kimoja kivyake kwa kufuata namba kubwa, umenunua hasara, na pengine umenunua moto.

Tuanze na hizo wati. Namba kubwa ya nje ni kilele, kile spika inaweza kuvumilia kwa kufumba na kufumbua. Namba ya maana inaitwa RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinabeba mfululizo. Zile sabufa zangu za "wati 2000" zilikuwa na RMS ya 400, imeandikwa kwa herufi ndogo kabisa. Na amplifaya? Geuza uangalie fyuzi zake. Yangu ilikuwa na fyuzi mbili za ampea 30. Jumla ampea 60. Zidisha kwa volti 14 za gari ikiwa inanguruma, unapata wati 840 zinazoweza kuingia bila fyuzi kukatika. Na hakuna amplifaya inayotoa kila kinachoingia. Zile nzuri za daraja D zinatoa kama asilimia 80, kwa hivyo hapo unabaki na wati 650 na kitu. Hiyo 3000 ilitoka wapi? Ilitoka kwa mtu wa kuchora katoni.

La pili ni omu, na hapa ndipo nilipojichoma. Kila sabufa yangu ilikuwa na koili mbili za omu 4. Sabufa mbili, koili nne. Ukiziunganisha zote sambamba, unapata omu 1. Ukiunganisha koili za kila sabufa kwa mfululizo, kisha sabufa mbili sambamba, unapata omu 4. Amplifaya yangu ilikuwa imeandikwa isishuke chini ya omu 2. Sasa ona: kwa hizo koili nne, omu 2 haipatikani hata uchore mchoro usiku kucha. Ilitakiwa nikubali omu 4 na nguvu kidogo, au ninunue sabufa za koili mbili za omu 2, au nichukue sabufa moja tu ya koili mbili za omu 4, ambayo ukiiunganisha sambamba inakupa omu 2 sawasawa. Mimi nililazimisha omu 1. Amplifaya ikavuta umeme kuliko uwezo wake, ikapata moto, ikajizima. Ile taa nyekundu ilikuwa inaniomba msamaha na mimi naiongezea geini.

Na tukiwa hapo kwa geini: geini si sauti. Kazi yake ni kulinganisha nguvu ya redio na ya amplifaya. Ukiipandisha kupita kiasi, mawimbi ya mziki yanakatwa vichwa, na hayo mawimbi yaliyokatwa ndiyo yanapika koili hadi unasikia ile harufu. Kuna njia ya kupima kwa mita ya umeme ya kawaida. Chukua wati unazotaka, zidisha kwa omu, tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kwa wati 500 kwenye omu 2, ni kipeuo cha pili cha 1000, kama volti 31 na nusu. Chomoa sabufa, piga mlio mmoja wa Hz 50, weka redio kwenye sauti ya juu utakayotumia, pandisha geini mpaka mita isome hiyo namba, wacha hapo. Mita ni bei rahisi kuliko koili.

La tatu ni boksi, kitu ambacho watu hununua mwisho kwa chenji iliyobaki. Ukiniuliza mimi, linafaa kuja kwanza. Boksi linaamua hewa iliyo nyuma ya sabufa itafanya kazi gani. Nilipima langu ndani baadaye: sentimita 90 kwa 35 kwa 20. Zidisha, gawa kwa 1000, ni lita 63. Karatasi ya sabufa ilitaka lita 50 kwa kila moja, boksi likiwa la tundu la hewa. Hizo ni lita 100 kwa mbili, na hapo hata hujatoa nafasi inayokaliwa na sabufa zenyewe na hilo tundu. Nilikuwa nimefungia watu wawili kwenye bedsitter ya mmoja. Ndiyo maana ilipiga noti moja.

Halafu waya. Wati 500 za ukweli zinataka kama ampea 45 kutoka kwa betri. Wati 1000 zinataka kama 90, na altaneta ya gari ndogo nyingi inatoa ampea 60 hadi 100, wakati huo taa na kila kitu pia vinakula. Waya yangu nene kama kidole ilikuwa plastiki nyingi na alumini kidogo iliyopakwa shaba. Ilipata moto, plastiki ikalainika, ukingo wa bati ukaikata. Na fyuzi karibu na betri hakukuwa. Hiyo fyuzi haikai hapo kulinda mziki. Inalinda gari na waliomo. Iweke ndani ya sentimita 45 kutoka kwa betri, na kila tundu la bati livalishwe raba. Hapa sina mjadala na mtu.

Najua mtaniambia: "Buda, mbona nganya kubwa zinapiga na hakuna mtu anapiga hesabu?" Si kweli. Nenda ukae na fundi aliyefunga zile zinazodumu. Hesabu anazo, ila anaziita uzoefu. Anajua ni altaneta gani iliongezwa, ni betri gani ya pili imefichwa chini ya kiti. Wewe unaona taa za rangi, yeye anajua waya imepita wapi. Na zile zilizofungwa ovyo huzioni kwa sababu ziko gereji.

Mtaniambia pia kwamba wati nyingi ni wati nyingi. Sawa, lakini kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaipata kwa shida. Ili usikie mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Boksi sahihi linaweza kukupa hiyo tofauti bila kuongeza hata wati moja.

Sasa lawama. Muuzaji ana yake, lakini anauza kile tunachouliza. Tukiingia dukani swali letu ni moja: "Hii ni wati ngapi?" Na sisi tunaotengeneza kontenti ndio tumewafunza watu kuuliza hivyo. Mimi mwenyewe nimesimama mbele ya kamera nikasoma katoni kwa sauti ya kushangaa, nikalipwa, nikaenda zangu. Kuna mtu aliamini. Sijui gari yake iko hali gani leo. Hiyo kazi nimeacha. Nikipewa kifaa siku hizi, nasoma RMS, omu na lita, au sipokei.

Gari ya anko? Nilifanya vibarua miezi mitatu nikarudisha pesa kidogo kidogo. Tuliuza sabufa moja, nyingine haikuwa ya kuuzwa tena. Tukanunua sabufa moja ya inchi 12, RMS 500, koili mbili za omu 4. Amplifaya moja ya RMS 500 kwenye omu 2, katoni yake haina makelele. Waya ya shaba, fyuzi ya ampea 60. Boksi nilienda kwa fundi wa jua kali nikiwa na karatasi mkononi: MDF ya milimita 18, lita 50 safi baada ya kutoa kila kitu, tundu la kupiga Hz 34. Alisoma ile karatasi, akaniangalia, akasema mimi ni wa kwanza kumletea vipimo mwaka huo. Wengine humwambia tu, "Fanya ikae poa." Nilimlipa bei yake bila kubishana, na nawe umlipe.

Sabufa moja inapiga kuliko zile mbili. Mama wa kiti cha nyuma sasa analalamikia nyimbo tu, halalamikii moshi.

Kwa hivyo kabla utoe pesa, niandikie hapo chini vitu vitatu: RMS ya sabufa na omu za koili, omu ya chini ya amplifaya, na lita za boksi. Usipovijua, bado hujafika siku ya kununua. Rudi nyumbani, tairi zinakusubiri.